Karati ya Mwadui na Karati ya Geita

Halmashauri ya Chama chetu Kikuu ilipokutana kupanga kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10, ilikubaliwa kwamba, pamoja na picha za viongozi na hesabu za mapato, yawemo pia maelezo ya historia ya maneno yatumikayo katika biashara ya vito na dhahabu. Wako wajumbe walioona ajabu. Walisema kwamba mchimbaji ahitaji sururu, pampu ya maji na mnunuzi mwaminifu, wala hahitaji kamusi. Hoja hiyo tumeifikiri sana sisi tuliopewa kazi ya kuandika, na jibu letu ni hili: mnunuzi mwaminifu na mnunuzi mjanja hutumia maneno yale yale, na tofauti yao huonekana kwa yule tu ajuaye maana ya maneno hayo.

Wazee wa Usukuma hawana haja ya kuelezwa jambo hili kwa kirefu, maana ushirika katika nchi hii ya Ziwa ulizaliwa kando ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa wakinung'unika kwamba mizani ya wanunuzi haisemi kweli. Mkulima alitoka nyumbani na mzigo aliouinua kwa shida, akafika mnadani akaambiwa ratili chache. Wakulima hao, wakiongozwa na marehemu Paul Bomani, waliweka watu wao wenyewe wa kusimama kando ya mizani na kusoma namba. Katika jambo hilo dogo ndipo vilipotokea vyama vya ushirika vya pamba, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Sisi wa madini tumekuja nyuma sana, lakini tumekuta ugomvi ule ule, nao umekuwa mgumu zaidi. Kwa upande wa pamba neno lilikuwa moja, ratili, na watu waligombana juu ya idadi yake. Katika vito watu hupunjwa kabla ya idadi kutajwa, kwenye jina lenyewe.

Tuanze na karati, kwa kuwa hakuna neno linalowachanganya wanachama wetu kuliko hilo, na kuchanganyikiwa kwao kwatokana na mahali walipo. Chama chetu kina watu wa pande mbili. Wako wale wa Kishapu na Maganzo wanaochekecha changarawe wakitafuta almasi, na wako wale wa Geita, Nyarugusu na Rwamagasa wanaofuata dhahabu. Wote husema karati. Lakini karati ya Maganzo ni uzito, na karati ya Geita si uzito hata kidogo. Ni kipimo cha usafi. Kijana ahamaye kutoka machimbo haya kwenda yale hulibeba neno lake pamoja na sururu yake, asijue kwamba huko aendako neno hilo lina kazi nyingine.

Asili ya neno ni punje ya mti. Katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediteranea uko mti uitwao na Waarabu kharubu, ambao maganda yake yafanana kwa mbali na maganda ya ukwaju. Wayunani waliita punje yake keration, yaani kipembe kidogo. Waarabu wakasema qirat. Na kwa njia hizo neno likaenea katika lugha za wafanya biashara. Watu wa kale waliamini kwamba punje hizo zalingana uzito zote, wakazitumia kupimia vitu vidogo vya thamani. Katika karne ya 4 Kaisari Konstantino wa Roma alitoa sarafu ya dhahabu iitwayo solidus, ambayo uzito wake ulihesabiwa kuwa punje 24. Sarafu iliyokuwa dhahabu tupu ilikuwa na punje 24 za dhahabu. Kama mtu alitia ndani yake punje 4 za shaba, dhahabu ilibaki punje 20. Yasemwa kwamba hapo ndipo lilipotoka desturi ya kusema kuwa dhahabu safi ni ya karati 24, na kwamba iliyochanganywa ni ya karati 22, au 18, au chini zaidi.

Basi karati ya dhahabu ikawa hesabu ya sehemu katika 24, na karati ya vito ikabaki kuwa uzito wa punje. Hata hiyo ya uzito haikuwa moja. Kila mji mkubwa wa biashara ulikuwa na karati yake: ya London ilizidi kidogo miligramu 205, na ya Florence ilipungua miligramu 200. Mwaka 1907 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, uliokutana Paris, ulikubali karati moja ya miligramu 200 kamili, na Uingereza ikaifuata mwaka 1914. Kwa hiyo almasi za Mwadui zilipoanza kupimwa mwaka 1940, karati ilikuwa imekwisha kuwa moja karibu dunia nzima, na ndiyo tunayoitumia hata leo. Karati 5 ni gramu 1. Karati 1 hugawanywa katika pointi 100. Almasi ya pointi 35, basi, ina miligramu 70.

Twaomba mwanachama asiipite hesabu hiyo upesi. Mizani ndogo za betri zinazotumika sokoni zina kitufe cha kubadilisha kipimo kutoka gramu hadi karati. Jiwe la karati 2 likiwekwa juu ya mizani iliyoachwa kwenye gramu, kioo kitaandika 0.40. Mtu asiyejua kuangalia herufi ndogo zilizo pembeni ya namba aweza kuambiwa kwamba jiwe lake ni pointi 40, naye atakubali, maana namba ameiona kwa macho yake mwenyewe. Hapo amelipwa sehemu moja katika tano ya uzito wake, na mizani haikusema uongo. Tumepokea malalamiko ya namna hiyo kutoka kwa wanachama. Mnunuzi hatumtaji, wala haifai katika kitabu cha sherehe. Lakini tumetaja kitufe.

Kwa upande wa Geita mtego ni wa namna nyingine. Mchimbaji mwenye gramu 10 za dhahabu ya karati 20 ana gramu 8.33 tu za dhahabu safi, na zilizosalia ni fedha, shaba na vitu vingine. Akitangaziwa bei ya dhahabu ya karati 24, kisha akadhani kwamba bei hiyo yahusu gramu zake zote 10, atatoka sokoni na hasira isiyo na sababu. Na akiambiwa kwamba dhahabu yake ni karati 18 ilhali ni 20, atatoka akiwa na furaha isiyo na sababu, ambayo ni mbaya zaidi. Siku hizi wengi huandika usafi kwa sehemu katika elfu: 916 ni karati 22, na 750 ni karati 18. Namna hiyo ni bora, kwa sababu haimwachi mtu akidhani kwamba anatajiwa uzito.

Kuhusu aunsi tutasema machache. Aunsi inayotajwa redioni katika bei ya dhahabu ya dunia ni gramu 31.1, nayo ni kubwa kuliko aunsi ya kawaida ya dukani, ambayo ni gramu 28.35. Tola, kipimo cha masonara wa Kihindi, ni gramu 11.66. Mwenye kujua gramu hana haja ya kubabaishwa na vyote viwili.

Sasa tugeukie almasi. Jina hili limetufikia kwa njia ya Waarabu kutoka Kiyunani, adamas, maana yake kitu kisichoshindwa. Jina hilo limeharibu almasi nyingi. Plinio wa Roma aliandika katika karne ya 1 kwamba almasi ya kweli ikipigwa nyundo juu ya fuawe, nyundo ndiyo itakayovunjika. Na watu wamekuwa wakilirudia jaribio hilo tangu wakati huo, wakabaki na unga mkononi. Ugumu ni jambo moja na uimara ni jambo jingine. Mjerumani Friedrich Mohs alipopanga ngazi yake ya ugumu mwaka 1812 aliiweka almasi daraja la 10, juu ya yakuti iliyo daraja la 9. Lakini alikuwa akipima ni jiwe gani hukwaruza jingine, wala si ni lipi huvumilia pigo. Almasi ina pande zake za kupasuka kama ukuni ulio na uzi, na pigo likifuata upande huo, jiwe hufunguka. Mchimbaji anayeambiwa na mtu yeyote kwamba almasi hujaribiwa kwa nyundo na alifiche jiwe lake mfukoni.

Kabla ya vita kuu ya pili almasi zilikuwa zimekwisha kuonekana Mabuki, upande wa Mwanza, nako ndiko alikofanya kazi Dr. John Williamson, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1907 na kusomea elimu ya miamba. Aliacha kazi hiyo akatafuta mwenyewe kwa miaka, akiwa na fedha chache na homa nyingi, akisaidiwa na wakili wa Mwanza, Bwana I. C. Chopra. Machi 1940 akapata Mwadui. Alichokuwa akikitafuta, kwa kweli, hakikuwa almasi. Alikuwa akitafuta mawe shahidi, yaani ganeti na ilmenaiti, madini yasiyo na bei ambayo hutoka katika mwamba ule ule unaobeba almasi, tena hutapakaa mbali zaidi na kwa wingi zaidi. Mwamba huo waitwa kimberlaiti, kwa jina la mji wa Kimberley huko Afrika Kusini, mji uliopata jina lake mwaka 1873 kwa heshima ya waziri wa makoloni wa Uingereza. Ndivyo jina la bwana mmoja wa London lilivyopewa mwamba wa Kishapu ambao umekaa pale yapata miaka milioni 50.

Wanachama watasikia pia neno bomba. Si bomba la maji. Ni njia ambayo volkano ya kale iliitoboa kutoka chini sana, kilomita 150 na zaidi, ambako almasi hufanyika kwa joto na mgandamizo. Njia hiyo ni nyembamba chini na pana juu, kama karoti. Mdomo wa bomba la Mwadui una ukubwa wa hekta 146, na ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kuchimbwa duniani. Mvua za miaka mingi zimeusaga mwamba na kuzieneza almasi katika changarawe za jirani, na kwa ajili hiyo mtu wa Maganzo aliye na chekeche na beseni aweza kupata jiwe bila kuingia katika bomba lenyewe.

Jambo moja katika maisha ya Dr. Williamson lawahusu wanachama wetu hasa. Mtu huyu alikuwa na shahada ya udaktari, alikuwa na mgodi wake mwenyewe, na alijua mawe yake moja moja. Hata hivyo, yalipofika London kwa shirika lililonunua karibu almasi zote za dunia, yaligawanywa katika mafungu kwa majina na madaraja ya mnunuzi, na bei ikafuata majina hayo. Williamson hakuridhika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizizuia almasi zake asiziuze, akazirundika Mwadui mpaka mapatano mapya yalipofanyika. Alifariki Januari 1958, na katika mwaka huo mgodi ukanunuliwa na De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa wako wanaodhani kwamba kubishania daraja la jiwe ni tabia ya watu wasiosoma.

Madaraja hayo ni yapi? Mambo yanayoangaliwa ni manne: uzito, rangi, usafi na mkato. Uzito tumekwisha kuueleza. Mkato wahusu jiwe lililokwisha kuchongwa, na kwa mchimbaji mahali pake hushikwa na umbo la jiwe ghafi. Almasi yenye umbo la piramidi mbili zilizounganishwa vitako huweza kukatwa katikati ikatoa vito viwili, na kidogo hupotea. Bali almasi bapa ya pembetatu, hata ikiwa na uzito ule ule, hutoa kito kidogo. Mwenye jiwe la piramidi mbili na alijue.

Rangi ndiyo yenye historia ya kupendeza. Zamani wafanya biashara walisema almasi nyeupe kabisa ni ya maji ya kwanza, na iliyofifia ni ya maji ya pili au ya tatu; yasemwa kwamba Wazungu waliyachukua maneno hayo kwa Waarabu, ambao waliuita mng'ao wa johari maji yake. Baadaye wakatumia majina ya migodi ya Afrika Kusini, hata jiwe lenye umanjano likaitwa la Rasi, na wengine wakatumia herufi A, B na C, kila duka kwa ngazi yake. Taasisi ya elimu ya vito ya Marekani, iliyoanzishwa na Robert Shipley mwaka 1931, ilipotaka kukomesha ghasia hiyo katika miaka ya 1950, iliamua kuanza na herufi D, isiyokuwa na historia mbaya, ikashuka mpaka Z. Hiyo ndiyo sababu ya swali tuulizwalo kila mara, kwa nini almasi bora haina daraja la A. Mtu akikuuzia au kukununulia almasi ya daraja la A, muulize ni ngazi ya nani.

Lakini ngazi hiyo ni ya almasi nyeupe tu. Umanjano kidogo hushusha bei. Umanjano mwingi huipandisha tena. Na wekundu wa waridi huipandisha hata hesabu zikapotea. Usafi nao hupimwa kwa kioo cha kukuzia mara 10, wala si kwa jicho tupu na wala si kwa darubini ya maabara. Jiwe lisiloonyesha doa wala ufa kwa kioo hicho huitwa safi kabisa, hata kama darubini kubwa ingeona jambo. Kwa hiyo neno safi si sifa ya jumla kama tusemavyo maji safi au nguo safi. Ni neno lenye kipimo, na kioo chenyewe hakigharimu fedha nyingi. Yafaa kila kikundi kiwe nacho.

Ili wasomaji waone jinsi maneno haya yanavyokuwa fedha, tutazame mawe mawili ya rangi ya waridi yaliyotoka Mwadui. La kwanza lilipatikana Oktoba 1947, likiwa ghafi la karati 54.5, na Dr. Williamson akalitoa zawadi ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza. Lilichongwa London mwaka 1948 likatoka na karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katikati ya pambo la umbo la ua. Hesabu yaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda katika kuchonga. Kwa mchimbaji asiyeijua kazi hiyo, kupoteza karati 30.9 ni kama kuchezea mali. Kwa mchongaji, ndiko kuitoa thamani iliyofichika.

La pili lilikuwa ghafi la karati 32.32. Mwishoni mwa mwaka 2021 liliuzwa na Petra Diamonds, iliyokuwa na sehemu kubwa ya mgodi wakati huo, kwa dola milioni 13.8 za Marekani. Likachongwa na kuwa kito cha karati 11.15, kilichopewa daraja la waridi iliyokolea kabisa, na usafi wa ndani usio na doa. Oktoba 2022 kito hicho, kwa jina la Williamson Pink Star, kiliuzwa mnadani Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Jiwe ghafi lilikuwa na bei ya dola zipatazo 427,000 kwa karati. Kito kilifika zaidi ya dola milioni 5 kwa karati. Hatusemi kwamba aliyeuza ghafi aliibiwa. Mchongaji alinunua pamoja na jiwe hatari ya kulipasua, na ujuzi wake haukupatikana kwa siku moja. Twasema tu kwamba kati ya bei hizo mbili hakuna aliyeongeza hata chembe moja ya almasi. Kilichoongezwa ni mkato na madaraja yaliyoandikwa katika cheti. Nchi yetu ilijaribu kuipata sehemu hiyo ya faida kwa kiwanda cha kuchonga almasi cha Tancut kilichokuwapo Iringa, na historia ya kiwanda hicho yastahili kuandikwa na mtu mwenye nafasi kuliko sisi.

Kuhusu vito vingine, lugha yetu ni tajiri kuliko wengi wanavyodhani. Yakuti, zumaridi, feruzi, akiki, lulu na marijani ni maneno yaliyoletwa na biashara ya bahari, mengi kwa Kiarabu na mengine kwa Kiajemi, na msomaji atayakuta hata katika Biblia ya Kiswahili, ambamo jiwe la buluu huitwa yakuti samawi. Hapa Kiswahili kimeishinda lugha ya Kiingereza kwa usahihi. Waingereza wana jina moja la yakuti nyekundu na jina jingine mbali la yakuti ya buluu, kana kwamba ni mawe yasiyo na undugu, ilhali wataalamu wamethibitisha kwamba yote mawili ni madini yale yale, rangi tu ndiyo iliyogawanyika. Waarabu na Waswahili walisema yakuti, wakaongeza rangi. Mawe mengine ni mageni hata kwa majina: tanzanaiti ya Mererani ilijulikana mwaka 1967, na jina lake likatolewa mwaka 1968 na duka la Tiffany la New York, ambalo liliona kwamba jina lake la kitaalamu, zoisaiti, halitavutia wanunuzi.

Maneno mawili zaidi, kwani hapa wanachama wengi hukosea: bandia na ya kutengenezwa. Kipande cha chupa kilichosuguliwa ni almasi bandia. Hakina lolote la almasi. Lakini tangu Desemba 1954, wataalamu wa kampuni ya General Electric walipofaulu kuigandamiza kaboni katika mashine zao huko Schenectady, Marekani, dunia imekuwa na almasi za kutengenezwa, nazo ni almasi kweli, ngumu kama za Mwadui. Siku hizi zatengenezwa kwa wingi na kwa bei nafuu, nazo zimeshusha bei ya mawe madogo meupe. Mnunuzi akitaja habari hiyo kama sababu ya kupunguza bei, huenda asiwe anadanganya. Akikuambia kwamba jiwe ulilochekecha mwenyewe huenda ni la kutengenezwa, hapo anacheza.

Tusiwasahau watu wa Geita, ambako mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966, na mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Huko wachimbaji wametunga maneno yao wenyewe bila kumwomba mtu ruhusa: mbale ni jiwe lenye dhahabu, marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa, magwangala ni mawe yaliyotupwa na mgodi mkubwa. Maneno haya ni ya bei. Rundo lile lile likiitwa magwangala ni takataka, likiitwa mbale ni mali, na mabishano ya Geita juu ya mawe hayo yalikuwa, kwa sehemu kubwa, mabishano juu ya jina. Mwaka 1917 neno la namna hiyo lisingetoka nje ya machimbo. Mwaka 2017 neno makinikia lilitikisa nchi nzima, Serikali ilipozuia makontena ya mchanga wa madini wa Bulyanhulu na Buzwagi na kuunda kamati mbili kuchunguza kilichomo. Kampuni ilisema moja, kamati zikasema jingine, na mwisho wake ukawa kampuni ya ubia ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa 16 katika mia.

Septemba ya mwaka ule ule wa 2017 ikawa zamu ya Mwadui. Shehena ya karati 71,654.45 ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Serikali ikasema yastahili dola milioni 29.5, ilhali hati zilionyesha nusu tu ya kiasi hicho. Mwenye mgodi alikana, akaeleza kwamba thamani ya awali hupangwa na wathamini wa Serikali yenyewe. Idadi ya karati hakuna aliyeibishia. Waligombana juu ya daraja.

Tangu mwaka 2019 yako masoko ya madini ya Serikali, la Geita likiwa la kwanza, ambamo muuzaji na mnunuzi hukutana mbele ya ofisa wa Tume ya Madini, na jiwe hupimwa hadharani. Almasi ghafi haiwezi kuvuka mpaka kihalali bila cheti cha mpango wa Kimberley, ulioanza kutumika mwaka 2003 ili kuzizuia almasi zinazogharimia vita. Chama chetu kimefanya jambo moja juu ya hayo. Kila jiwe la mwanachama, kabla halijapelekwa sokoni, huandikwa katika daftari lenye nafasi za uzito kwa karati na kwa gramu, rangi, umbo na madoa yaonekanayo kwa kioo cha mara 10. Na kwa dhahabu, gramu na sehemu katika elfu. Mwenye jiwe hutia sahihi, na nakala huenda naye. Ofisa wa soko akiandika maneno tofauti na ya daftari, mwanachama ana haki ya kuomba jiwe lipimwe upya mbele yake kabla ya bei kutajwa. Daftari la Shinyanga liko kwa katibu, la Geita liko kwa mweka hazina, na vyote viwili hufunguliwa siku za kazi tangu saa 2 asubuhi.